Shangazi, kila mtu anaamini niko sawa

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17. Nina mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Miguu yote miwili imekaza, lakini mikono haina shida kubwa na masomo nayamudu. Nyumbani na shuleni natembea kwa magongo. Mwendo mrefu ninacho kiti cha magurudumu, ila nakikwepa kadiri niwezavyo. Nilihangaika miaka mingi mpaka nikaweza kutembea, na kila nikikaa kwenye kile kiti najiona nimeshindwa.

Ninachokuandikia sijawahi kumweleza mtu chote. Naumwa, shangazi. Imepita zaidi ya mwaka sasa, tangu niliporefuka ghafla. Nyonga ya kulia inauma nikigeuka kitandani, na mchana goti la upande huohuo linauma mpaka nasimama njiani nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Misuli ya nyuma ya miguu inakaza kama kamba inayovutwa, hasa kukiwa na baridi au nikiwa na hofu ya mtihani. Jioni mgongo nao.

Nimekuwa hodari wa kuficha. Mtu akiniuliza hali, jibu liko tayari: "Niko sawa." Nawachekesha rafiki zangu ili wasinitazame usoni. Usiku naangalia filamu kwenye simu mpaka karibu alfajiri, kwa sababu nikizima simu nabaki na nyonga yangu peke yetu. Siku nikiamka vizuri nafanya kila kitu: nafua, napanga vitabu, nazunguka shule nzima na wenzangu. Kisha siku mbili zinazofuata siwezi hata kuinuka.

Mama nilimwambia mara moja tu. Alilia. Usiku ule nikamsikia akimwambia mama mkubwa kwamba labda nitapasuliwa tena. Nilipasuliwa nikiwa na miaka 9, nikafungwa plasta miguu yote miwili, na sijasahau muwasho, maumivu wala ile hali ya kubebwa kama mtoto mchanga. Kesho yake nikamwambia mama yamepona. Tangu siku hiyo sijasema tena.

Mtaalamu wa mazoezi akininyoosha huniuliza, "Inauma?" Nami humjibu, "Kidogo tu," huku nimeuma meno. Siku hizi natafuta visingizio nisiende. Mwalimu mmoja aliniona nimekaa wakati wenzangu wamesimama, akasema mbele ya darasa kwamba najidekeza, mbona jana nilikuwa nazunguka. Nilinyamaza.

Kuna na dawa. Nilipewa baklofeni ya kulegeza misuli, lakini inanitia usingizi, basi wiki za mitihani naiacha. Halafu karibu kila usiku nachukua vidonge vya maumivu kwenye kabati la mama bila yeye kujua.

Kliniki huwa nakutana na mvulana wa miaka kama 12 ambaye haongei. Ana ubao wa picha anaoutumia kuonyesha anachotaka. Akinyanyuliwa kutoka kwenye kiti hupiga kelele, na watu husema ndiyo tabia yake. Mimi nikimtazama naona anaumwa. Najua kwa sababu uso wake ni kama wangu nikiwa peke yangu.

Shangazi, je, ndiyo nizoee? Wenzangu wenye hali hii wanaishije na maumivu? Na ubongo wangu unazidi kuharibika?

Wako,
Msichana wa "niko sawa"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana nadhani nalo linakunyima usingizi pamoja na hiyo nyonga. Maumivu haya si dalili kwamba ubongo wako unaharibika zaidi. Mtindio hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa mapema sana, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika uchanga, na jeraha hilo halisambai. Kinachobadilika ni mwili. Unapobalehe mifupa hurefuka haraka, misuli iliyokaza inashindwa kwenda na kasi hiyo, viungo vinavutwa upande, na uzito ulioongezeka unabebwa na magoti yaleyale. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ilianza uliporefuka ghafla. Umeliona jambo ambalo daktari atataka kulisikia kwanza.

Na wenzako ni wengi kuliko unavyofikiri. Watafiti katika nchi kadhaa za Ulaya waliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 17 wenye mtindio wa ubongo kama waliumwa katika wiki iliyotangulia. Karibu robo tatu walisema ndiyo. Yaani mkikaa wanne kwenye benchi la kliniki, huenda watatu mnaumwa, na kila mmoja anadhani yuko peke yake kwa sababu wote mnasema mko sawa.

Sasa hilo la kuzoea. Hapana, usizoee. Kwamba maumivu yanawapata wengi haimaanishi yaachwe. Nimefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watoto na vijana kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na kosa nililoliona likirudiwa, hata na sisi wataalamu, ni kusema "ni mtindio tu" na kufunga faili. Mtindio hauumi. Kinachouma ni kitu fulani mahali fulani, na mara nyingi kitu hicho kina dawa. Nilimwona kijana aliyehangaishwa na maumivu ya kiuno kwa miezi, kumbe ni choo kigumu. Mwingine alikuwa na jino bovu ambalo hakuna aliyemfungua kinywa kulitazama. Tindikali ya tumbo kupanda kifuani, hedhi, kiatu maalumu ulichonunuliwa kabla hujarefuka, yote hayo huuma na yote hujificha nyuma ya jina la mtindio.

Lakini kwako wewe, macho yangu yako kwenye nyonga. Misuli ya paja inayokaza huivuta miguu kwa ndani, na mwaka hadi mwaka kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kusogea kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe chake. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimesogea kwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio. Kadiri mtu anavyopata shida zaidi ya kutembea ndivyo hatari inavyokua: kwa wale wanaotembea kwa vifaa kama magongo, kama wewe, ilikuwa kama wanne kati ya kumi. Sikuambii hivi kukutisha. Sijui nyonga yako ikoje, na huwezi kuijua kwa kuitazama wala kwa kuivumilia. Hujulikana kwa picha ya eksirei ya kiuno, ambayo yenyewe haiumi. Na lile goti la upande uleule nalo liandike kwenye hesabu, kwa sababu nyonga ina tabia ya kulalamika kupitia goti. Nimeona goti likichuliwa na kufungwa bandeji miezi, wakati mwenye shida alikuwa juu yake.

Kwa hiyo omba miadi, na useme neno "nyonga" na neno "usiku". Maumivu yanayomwamsha mtu au kumnyima usingizi hayapaswi kupuuzwa. Na kama siku yoyote maumivu yatakuja ghafla baada ya kuanguka, ukashindwa kabisa kukanyaga, ukapata homa pamoja na kiungo kuvimba, ukahisi miguu imekuwa dhaifu kuliko kawaida yako au ukashindwa kuzuia mkojo, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Najua kinachokuzuia ni kisu. Hebu tukitazame. Eksirei haimfungi mtu kwenye upasuaji. Kati ya kunyamaza na kupasuliwa kuna mambo mengi: kubadilisha kiatu au kiti, kurekebisha dawa, sindano ya botulinamu ya kulegeza msuli uliokaza, ambayo kazi yake hudumu miezi michache, mazoezi ya aina nyingine, mazoezi ndani ya maji ya vuguvugu. Na hata ikifika upasuaji ukapendekezwa, wewe si yule mtoto wa miaka 9 aliyebebwa bila kuulizwa. Una haki ya kuuliza watakupunguzia vipi maumivu baada ya upasuaji, plasta itakaa muda gani, nini kitatokea ukikataa, na nini kitatokea ukingoja. Uliza kabla ya kutoa kauli yako. Kinachonisikitisha ni kwamba nyonga inayogunduliwa mapema huwa na njia nyingi, na kila mwezi wa "niko sawa" unaweza kuzipunguza njia hizo.

Mwambie mama. Safari hii usimwambie usiku wakati wote mmechoka, wala usingoje maumivu yapande. Ukiona sauti itakutoka vibaya, mwandikie kama ulivyoniandikia mimi. Unaweza kuanza hivi: "Mama, yale maumivu hayakupona. Nilisema yamepona kwa sababu ulilia na nikaogopa kupasuliwa. Naomba twende wote kwa daktari, na naomba mimi ndiye nieleze." Anaweza kulia tena. Mwache alie. Mama anayelia kwa sababu mwanawe anaumwa hajaumizwa na mwanawe, na wewe huna kazi ya kumlinda mama yako na ukweli wa mwili wako. Wazazi wengi wa watoto wenye mtindio wanajua zaidi ya tunavyodhani. Huenda hata yeye anakusikia ukigeuka usiku na hajui aanzie wapi kuuliza.

Kuhusu vidonge vya kabatini, mweleze siku hiyohiyo, ukiwa na majina na idadi. Sitakufokea, ulikuwa unatafuta usingizi. Lakini parasetamoli ikizidi huumiza ini, na zile za jamii ya dikilofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kila siku bila uangalizi huweza kuchuna tumbo na kuchosha figo. Kuna jambo jingine tena. Kama unavihitaji karibu kila usiku, hiyo yenyewe ni taarifa ambayo daktari wako hana.

Baklofeni ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Usiiache ghafla tena. Dawa ile ikikatwa kwa mkupuo, misuli inaweza kukaza kuliko mwanzo, na kwa baadhi ya watu huleta hata degedege na kuona vitu visivyokuwepo. Sishangai ukiniambia kwamba wiki za mitihani ndizo miguu hukaza zaidi, na labda ulikuwa unaulaumu wasiwasi peke yake. Usingizi darasani ni shida ya kweli na inarekebishika: daktari anaweza kubadilisha kipimo, saa za kumeza, au dawa yenyewe. Ila akijua.

Na yule wa mazoezi mwambie ukweli pia. Kuhisi msuli unavutwa wakati wa kunyooshwa ni kitu kimoja. Kuuma meno ni kingine. Mimi nimewanyoosha watoto waliokuwa wakiniambia "kidogo tu", na nikasukuma zaidi kwa kuwaamini. Bado naumia nikiwakumbuka. Pataneni ishara ya mkono: ukiinua, anasimama. Msuli unaoogopa hujikaza, na mwenye uhakika kwamba atasikilizwa hulegea haraka zaidi. Usipoteze kliniki yako kwa sababu ya jambo ambalo neno moja linaweza kulibadilisha.

Mwalimu aliyekuambia unajidekeza hakujua kwamba maumivu ya mtindio hayana siku maalumu, jana unazunguka, leo huinuki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu liliandika upya maana ya neno maumivu, na katika maelezo yake likasema wazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Halikusema ila akiwa jana alionekana mzima. Mwombe mama au daktari akuandikie barua ya kupeleka shuleni, isemwe kwamba utakaa unapohitaji kukaa, na mambo ya kujieleza mbele ya darasa yaishe.

Umeuliza wenzako wanaishije na maumivu. Vijana huyakabili kwa njia nyingi, na wewe tayari unatumia kadhaa bila kujua majina yake. Kuuhamisha moyo kwenye filamu, muziki au mazungumzo ni njia ya kweli, na husaidia pale maumivu yanapopanda. Ubaya wa yako ni saa. Kukosa usingizi hufanya maumivu ya kesho yawe makali zaidi, kisha nayo yakunyime usingizi. Jaribu kuhamisha filamu ziwe mapema jioni. Kabla ya kulala weka kitambaa cha moto kwenye misuli iliyokaza kwa dakika 15 au 20, ukipima joto kwa mkono kwanza na bila kulala nacho. Laza mto katikati ya magoti, na mwombe mtaalamu wa mazoezi akuonyeshe ulalo usioivuta hiyo nyonga. Kisha pumua, utoe pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Haitaondoa kinachouma, ila hofu hukaza misuli, na misuli iliyokaza huuma. Pale katikati ndipo pumzi hufanya kazi.

Halafu ile siku nzuri yako. Naielewa sana, nani asingetaka kula siku yake nzuri yote? Lakini ndiyo inayokulaza siku mbili. Pumzika kabla maumivu hayajakuamuru. Kama unajua goti huanza kulalamika baada ya nusu saa, kaa dakika ya ishirini. Fua nusu, nusu nyingine kesho. Mwanzoni utaona unajinyima, lakini baada ya wiki chache hesabu saa ulizokuwa na nguvu katika wiki nzima, si katika siku moja.

Na hapo ndipo kiti kinapoingia. Kutembea kwa miguu yenye mtindio kunaweza kula nguvu mara mbili au zaidi ya zile anazotumia mwenzako asiye na mtindio. Ukifika darasani umeshalipa kwa mwili wako kabla somo halijaanza. Kiti cha magurudumu hakikunyang'anyi kutembea kwako. Kinakuchukua mpaka pale unapotaka kusimama. Waliokufundisha kutembea, na nami nikiwemo kwenye kundi hilo, tuliwapigia watoto makofi kila hatua na kunyamaza walipokaa, na hivyo tukawafundisha kwamba kukaa ni aibu. Tulikosea. Tumia kiti asubuhi kwenda, ili jioni miguu iwe na kitu cha kubaki nacho.

Kuna njia moja unayoitumia inayonipa wasiwasi, nayo ni ule usiku wa kuwaza kwamba ubongo unaoza na kwamba hali itaharibika tu. Mawazo ya namna hiyo huongeza uzito wa maumivu, na sisemi kwamba maumivu yako ni ya kufikirika. Yapo kwenye nyonga, na hofu inakaa juu yake. Kuna washauri nasaha wanaofundisha vijana kuyakamata mawazo hayo, na kumwona mmoja wao hakumaanishi umerukwa na akili. Ikiwa huzuni itafika mahali unaona bora usiwepo, mwambie mtu mzima saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Kabla ya miadi chukua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika saa, mahali panapouma, namba kutoka 0 hadi 10, na kile ambacho maumivu yalikuzuia kufanya. Hicho cha mwisho usikiruke. Namba 7 haimwelezi daktari sana. "Nilishindwa kugeuka kitandani mara nne" inamweleza.

Na yule mvulana. Nimerudi kwake mwishoni, lakini sijamsahau tangu nilipoanza kuandika. Uliona sawa. Mtu asiyeongea huumwa kama wewe, na mwili wake husema: uso kukunjamana, mwili kukakamaa akiguswa, kukataa chakula, kujipiga, kulia kila anaponyanyuliwa kwa namna ileile. Kelele zinazokuja wakati uleule kila siku si tabia, mtu anapaswa kutazama nyonga zake, mgongo na namna anavyobebwa. Mweleze mama yake ulichokiona, kwa upole, maana naye ameshachoka kuambiwa ni tabia. Kisha uangalie ule ubao wake. Kuna picha ya chakula, ya maji, ya choo, ya mpira labda. Tazama kama kuna picha ya kuumwa, na picha ya mwili ya kuonyesha wapi. Kama haipo, mwombe mtaalamu wake aiweke, na umsaidie kuchagua huo uso uchorwe vipi.

Niandikie ukishapiga eksirei.

Shangazi yako